Jasho Halisikii Dawa

Mashati matano, meupe, ya kola ngumu,
nimeyalaza kitandani kama wagonjwa wanaongoja zamu.
Alhamisi saa tatu naitwa mbele ya jopo:
Adagala, karani wa masijala ya ardhi,
miaka kumi na minne kwenye meza ileile,
anaomba ukarani mkuu.

Leo Jumatatu. Bomba la Migosi limekohoa mara mbili,
likatema kutu, likanyamaza.
Ziwa lote lile pale chini, halina ng'ambo machoni,
na mimi napimiwa maji kwa mtungi,
shilingi thelathini,
arobaini mwenye mkokoteni akiamka vibaya.

Mjini wapo wanaofua bila maji.
Mwezi wa tano niliwapelekea mawili.
Duka lao lina baridi
na harufu kama ya petroli iliyokwenda shule.
Binti wa kaunta akanipa tikiti ya waridi,
akauliza, "Doa gani?"
Mafuta ya mbuta, nikasema, hapa kifuani;
na hii manjano ya kola.
Akaandika *mafuta*.
Kola hakuiandika.

Siku ya tatu yakarudi yamevikwa nailoni,
yananing'inia kwenye waya kama wakubwa wa serikali.
Mafuta hayapo, hata kivuli chake, nakiri.
Lakini manjano ilikuwa palepale,
sasa imenyooshwa, imekolea,
kama kosa lililopigwa muhuri.
Mia tatu kila moja,
na kifungo kimepasuka kati.

Akeyo wa Manyatta ameiona leo kola ile
akacheka mpaka akaketi juu ya beseni lililofudikizwa.
"Wale wanajua mafuta. Jasho hawalijui.
Mafuta hukimbia dawa, sawa.
Jasho ni chumvi, Baba Kageha,
na chumvi haina kwao ila majini."
Kisha akaigeuza kwenye mwanga:
"Na hili la kwako ni la zamani."

Sikumjibu.
Nilikuwa nikilitafuta lilikotoka:
ngazi za masijala umeme ukikatika,
mafaili yanayopotea yakiwa na miguu ya watu,
yule mama wa Kombewa aliyekuja mara tisa
na bahasha yake ndani ya mfuko wa unga,
na mara tisa nikamwambia, rudi kesho,
shati langu jeupe pe,
kola tu ikijua.

Akaloweka usiku kucha.
Alfajiri akaishika kola kwa sabuni ya mche na limau,
si kwa nguvu, kwa kidole gumba,
kama anayemfuta mtoto tongotongo.
Akasuuza mara tatu, na maji ni ya kununua.
Uji wa muhogo, mwepesi, kwa kola na ncha za mikono.
Kamba. Jua la saa sita.
Halafu pasi ya makaa,
halafu cheche.

Tundu dogo, nukta tu,
mkono wa kushoto juu ya kifungo.
Hakulificha. Alinionyesha kwanza yeye.
"Hili ni langu," akasema. "Nilipe manne."

Suti niliwapelekea wenye dawa, msinicheke;
sufu na maji ya moto havikai nyumba moja,
hujikunja kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Kila nguo na hakimu wake.

Alhamisi jopo liliniuliza tarakimu, nikazitaja.
Likaniuliza sheria, nikaikariri na vifungu vyake.
Mkono wa koti nikauvuta ufunike nukta ya Akeyo.
Kola ilinikaa shingoni, safi, inakwaruza,
bado inanukia muhogo na jua.

"Una la kuongeza?" mwenyekiti akauliza,
kalamu yake imeshafunikwa.

Mkono wa koti nikauachia.
Nikasema, lipo faili moja la Kombewa,
najua kabati lililomo.

Wakatazamana.
Nyuma ya shingo, pole pole,
likaanza tena.